KAZI YA LISHE NA WATOTO WETU
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Gataka. Imepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu



Twawashukuru kwa kuja siku ya Jumapili, na hasa ninyi mliotoka kazi ya usiku mkaja moja kwa moja bila kulala. Katika mkutano uliopita wazazi kadhaa walisimama wakauliza jambo moja. Walisema watoto wao wamemaliza Kidato cha Nne na wataka kusomea mambo ya lishe. Je, hiyo ni kazi kweli, au ni njia nyingine ya kula pesa za maskini? Halmashauri ikatutuma sisi watatu tukaulize. Mmoja wetu ni mpishi katika jiko la hospitali, mwingine ni mama aliyefanya kazi viwandani upande wa Athi River miaka mingi, na wa tatu ni karani wa tawi. Sisi si mabingwa wa lishe. Lakini tumeisoma sheria, tumewauliza wenye kazi hiyo, na tumekaa asubuhi nzima kliniki tukitazama. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Twaanza na jambo la uchungu, kwa kuwa ndilo lililoleta swali. Mwenzetu mmoja, fundi wa mawe, ambaye ametupa ruhusa kulisema bila ya kumtaja jina, alikopa katika Sacco na kuuza ndama wawili ili bintiye aingie chuo. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vinne juu ya maduka. Msichana alisoma miaka miwili, akapewa cheti chenye muhuri mkubwa na utepe mwekundu. Alipokwenda kutaka kuandikishwa ili afanye kazi, akaambiwa kwamba chuo hicho hakikupata kibali cha kufundisha lishe, na kwa hiyo cheti chake hakimpi haki ya kufanya kazi hiyo. Baba yake angali anakatwa mkopo kila mwezi. Ndugu, huyu si mjinga. Aliuliza ada ni kiasi gani, aliuliza masomo ni ya muda gani, aliuliza mtoto atalala wapi. Swali moja tu hakuliuliza, kwa sababu hapana mtu aliyemwambia kwamba liko.

Basi tulitieni moyoni swali hilo. Katika Kenya iko sheria ya mwaka 2007, namba 18, ihusuyo wataalamu wa lishe. Sheria hiyo iliunda taasisi iitwayo KNDI, yenye ofisi yake Nairobi. Kazi ya taasisi hiyo ni kukagua masomo, kuandikisha waliohitimu, na kutoa leseni. Mtu asiyeandikishwa na asiye na leseni hana ruhusa kujiita mtaalamu wa lishe wala kutoza watu pesa kwa kazi hiyo. Na leseni si kitu cha kupata mara moja ukakitia kabatini, hapana; hutafutwa upya kila mwaka. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi moja, mzazi aulize: Je, taasisi imekikubali chuo hiki kwa masomo haya, na kwa daraja hili? Chuo chaweza kuwa na kibali cha kufundisha ushonaji na kompyuta, lakini kisiwe na kibali cha lishe. Chaweza kuwa na ruhusa ya cheti, lakini si ya diploma. Msikubali jibu la mwenye chuo peke yake. Mwenye duka hasemi unga wake una wadudu. Ulizeni kwa taasisi yenyewe.

Sasa, kazi yenyewe ni nini? Wengi wetu tulidhani ni kufundisha akina mama kukoroga uji. Mzee mmoja alituambia njiani, "Nimpeleke mtoto wa kiume akajifunze kupika sukuma wiki?" Tukacheka pamoja naye, lakini baada ya kliniki hatukucheka tena.

Kazi hii ina matawi mawili makubwa. Liko tawi la hospitalini, la wale wapangao chakula cha wagonjwa: wa kisukari, wa figo, wa presha, walioungua moto, waliopasuliwa, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Na liko tawi la watu wote kwa jumla, la wale watembeao vijijini, shuleni na kambini kuzuia njaa na maradhi yatokanayo na chakula kabla hayajaingia nyumbani. Wa tawi la kwanza ndio waitwao hasa madaktari wa vyakula katika mazungumzo ya watu, ingawa si madaktari. Mwanafunzi mzuri hujifunza yote mawili, kisha huegemea upande mmoja.

Asubuhi ile tulimwona dada mmoja, kijana tu, akiwapima watoto. Ana utepe mdogo wenye rangi tatu, nao huuzungusha katika mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, katikati ya bega na kiko. Kipimo kikiwa chini ya sentimeta 12.5 mtoto amekonda na ataka kuangaliwa. Kikiwa chini ya sentimeta 11.5 yumo hatarini. Utepe ule ni mwepesi kama tikiti ya basi, lakini ulipoonyesha rangi nyekundu mama wa mtoto yule alikaa chini. Kisha dada akamminya mtoto juu ya miguu kwa kidole gumba, akangoja, akatazama kama shimo linabaki. Maana mtoto mwenye uvimbe aweza kuonekana mnene hali anakufa. Akamjaribu kwa chakula kilichosagwa kwa karanga na maziwa na mafuta, kile cha pakiti, aone kama anayo hamu ya kula. Akila, huenda nyumbani na pakiti zake na kurudi kwa siku aliyopewa. Asipokula, au akiwa na homa au uvimbe mwingi, hulazwa, na wodini hupewa maziwa maalumu kidogo kidogo, mchana na usiku. Dada alitueleza kwamba kumshindilia mtoto kama huyo chakula kingi siku ya kwanza kwaweza kumwua, kwa kuwa moyo na damu yake havijawa tayari. Sisi tulikuwa hatujui. Ni wangapi kati yetu wangemwona mtoto amekonda na kumjazia sahani kwa huruma?

Na jambo la kushangaza ni kwamba chakula kile cha pakiti hakitoki mbali. Kiwanda cha Insta, katika eneo la EPZ huko Athi River, hukitengeneza. Mama wa kamati yetu alikuwa akipita karibu na eneo lile asubuhi na jioni, na hakujua kwamba mle ndani mna kazi kwa mtu aliyesoma lishe, na kwa mpimaji wa maabara, na kwa fundi wa mitambo.

Mpishi wetu naye ana lake la kusema. Anakiri kwamba hapo zamani, kijikaratasi kilipotoka wodini kikisema kitanda fulani kisipewe maharagwe wala ndizi, na viazi vyake vichemshwe na maji yamwagwe, yeye na wenzake jikoni waliona ni maringo ya wasomi. Chungu ni kimoja, wagonjwa ni mia, nani atapika viazi vya mtu mmoja? Siku moja mtaalamu wa lishe aliteremka jikoni mwenyewe, akavua saa, akafunga aproni, akamenya viazi pamoja nao, na huku akieleza. Alisema figo zikiharibika haziwezi kutoa chumvi fulani iliyomo katika viazi na ndizi, nayo ikizidi katika damu husimamisha moyo. Maji yakimwagwa sehemu kubwa ya chumvi hiyo huenda nayo. Tangu siku ile sufuria ndogo imetengwa. Twalisema hili kwa sababu vijana wapendao kazi hii wajue: nusu yake ni kitabu, na nusu ni kusikilizana na watu wa jikoni. Asiyeweza kuzungumza na mpishi asiende.

Ndugu, habari za lishe katika nchi hii si mpya, na hapa Kajiado zatuhusu zaidi ya mahali pengine. Mwaka 1931 ulichapishwa Uingereza uchunguzi wa mabwana wawili, John Boyd Orr na John Gilks. Gilks alikuwa mkubwa wa idara ya madaktari ya serikali ya Kenya. Waliwapima Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na viazi na mboga. Wakaandika kwamba mwanamume wa Kimaasai kwa wastani alimzidi mwenzake urefu kwa inchi 5 na uzito kwa ratili 23. Habari hiyo ilivuma duniani. Boyd Orr akaja kuwa mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mwaka 1945, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sisi hatuzikatai ratili wala inchi. Lakini wasomi wa baadaye waliukosoa uchunguzi ule kwamba ulirahisisha mambo mno, nasi twaongeza la kwetu. Kipimo kilitazama sahani, hakikutazama shamba. Watu walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ardhi. Wamaasai wenyewe walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, na wengine kuletwa katika nchi hii ya kusini tunayokaa. Mtu aliyepoteza shamba au malisho humwambii ale vizuri ukadhani umemtibu. Mtaalamu wa lishe aliye mwema huuliza kwanza chakula kinatoka wapi na nani ana pesa ya kukinunua. Twadhani mtoto wa mfanya kazi aweza kuuliza hivyo vizuri kuliko mtoto wa tajiri, kwa kuwa amekwisha kuona mwisho wa mwezi ulivyo.

Kadhalika kumbukeni posho. Katika siku za ukoloni watu wengi waliofanya kazi mashambani na katika kampuni walipewa posho ya unga wa mahindi, na kipimo kilichozoeleka kilikuwa ratili 2 kwa siku. Tulimwomba yule dada wa kliniki apige hesabu. Alisema ratili 2 za unga ni kama gramu 900, na zatoa nguvu zinazokaribia kumtosha mwanamume wa kazi nzito. Tajiri hakukosea hesabu hiyo. Lakini unga mweupe mtupu hauna vitamini A wala C, na madini ya damu yaliyomo ni machache na huingia mwilini kwa shida. Mtu hushiba, na huku macho na fizi na damu zinaharibika. Hata leo twaona wenzetu katika viwanja vya ujenzi wakila ugali mkubwa na mchuzi kidogo, kisha chai ya rangi juu yake. Na chai inywewapo pamoja na chakula hupunguza madini ya damu mwili uyapatayo katika maharagwe na mboga. Ni afadhali kuinywa baadaye, baada ya saa moja au zaidi. Hili peke yake halina gharama.

Kuna mengine ambayo yatupasa kuyadai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Kifungu cha 33 chasema kwamba ikiwa mlikubaliana katika mkataba kupewa chakula, basi mwajiri lazima ahakikishe mnalishwa vizuri, pamoja na vyombo na njia ya kupikia, kwa gharama yake. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawaamuru waajiri kutenga mahali pa akina mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na kuwapa nafasi ya kufanya hivyo isiyozidi saa moja kwa jumla katika saa 8 za kazi. Akina mama wangapi hapa wamepewa mahali hapo? Wachache mno, na wengine hukamulia chooni. Chama kikienda mezani kuzungumza na mwajiri juu ya mambo haya, hutuma karani na wakili. Hapana sababu ya kutokwenda na mtaalamu wa lishe mwenye leseni, aseme kwa tarakimu chakula hiki kina nini na hakina nini. Hii ndiyo sababu moja ya tawi kutaka watoto wetu waingie kazi hii.

Sasa njia ya kuingia. Kwa wale wa KCSE, anayetaka digrii hutakiwa kuwa na C+ kwa jumla; anayetaka diploma, C. Lakini alama ya jumla haitoshi, kwa kuwa baiolojia na kemia hutazamwa sana, na Kiingereza au Kiswahili pia. Mtoto aliyekimbia kemia tangu Kidato cha Pili asidanganywe kwamba lishe ni mapishi. Humo mna kemia ya damu. Digrii ni miaka 4, na hufundishwa katika vyuo vikuu vya serikali kama Kenyatta, Jomo Kenyatta kule Juja, Egerton, Maseno, na Nairobi katika kampasi yake ya Kabete. Diploma hupatikana pia katika KMTC, ambacho ni chuo cha serikali cha kufundisha watu wa afya. Iko njia ya ngazi pia: mtu huanza na cheti, akafanya kazi, akarudi kwa diploma, kisha digrii. Ni njia ndefu, lakini kwa nyumba zetu nyingi ndiyo inayowezekana, kwa kuwa mtoto hupata mshahara katikati ya safari. Masomo yote haya yana miezi ya mazoezi hospitalini na vijijini. Hapo tahadharini na gharama za nauli, koti jeupe na chumba cha kupanga, ambazo haziandikwi katika barua ya ada.

Je, kazi iko? Hapa hatutaki kuwapaka mafuta. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi zi chini ya kaunti, na kaunti huajiri wataalamu wa lishe wachache kuliko wanavyohitajiwa. Wengi waliohitimu hukaa nyumbani, au hufanya kazi kwa mikataba mifupi. Mikataba mingi ililipwa na fedha za nchi za nje, na Marekani ilipokata misaada yake mapema mwaka 2025 watu wengi wa afya katika Kenya waliachishwa kazi. Mmoja wa wale tuliozungumza nao alipoteza kazi wakati huo, sasa huuza mitumba siku tatu na siku mbili hufanya kazi katika zahanati ya mtu binafsi. Alipoulizwa kama angechagua masomo mengine, alifikiri sana, akasema angechagua yale yale, ila angejifunza na habari za vyakula vya viwandani.

Neno hilo twaliona lina maana. Hospitali si mlango mmoja tu. Viko viwanda vya unga na mafuta, ambavyo tangu 2012 sheria yavitaka kutia vitamini na madini katika bidhaa zao, na lazima awepo mtu wa kupima. Ziko shule za bweni, hoteli, na vilabu vya wanariadha. Liko pia tatizo la mahindi yenye sumu ya ukungu. Mwaka 2004, jirani zetu wa Ukambani walipoteza watu 125 kwa sababu ya sumu hiyo. Na kwa kijana azungumzaye Kimaasai, hapa hapa Kajiado pana kazi ambayo mgeni haiwezi vizuri. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, ng'ombe walipopelekwa mbali kutafuta malisho, maziwa ya watoto yaliondoka nao. Kumwuliza mama wa boma kwa lugha yake mtoto alikula nini jana, na kuelewa jibu analolificha kwa aibu, ni nusu ya uganga.

Pia tumeona ushindani mbaya. Watu wasio na leseni huuza unga wa kupunguza unene na chai za kusafisha damu, katika simu na hata stendi ya matatu pale Rongai, wakijiita wataalamu. Mwanachama mmoja mwenye kisukari aliacha dawa kwa ajili ya chai ya namna hiyo na kulazwa. Mtu akijiita mtaalamu wa lishe, mwombeni leseni ya mwaka huu. Mwenye leseni hataona haya kuionyesha.

Maoni yetu sisi watatu ni haya. Mtoto aliye na alama, apendaye kemia na asiyechoka na watu, mwacheni aende, awe wa kiume au wa kike. Asiye na alama asilazimishwe kwa kuwa jirani kapeleka wake. Wala mzazi asikope kwa ajili ya chuo ambacho tawi halijakiulizia.

Kwa hiyo, kuanzia Jumamosi ijayo, karani atakaa katika chumba cha mkutano toka saa tatu hadi saa sita. Njoni na karatasi ya matokeo ya mtoto na barua ya chuo. Ataandika kwa taasisi, na jibu likija mtasomewa. Hapana malipo, ila kila mmoja alete shilingi za kutosha kwa nakala zake. Wapishi wa hospitali na wa shule wanaotaka kuanza na cheti wajiandikishe kwa mpishi wetu, ambaye naye ameweka jina lake juu kabisa, akiwa na umri wa miaka 41.

Juu ya binti wa ndugu yetu fundi wa mawe: tawi lilikiandikia chuo kile kudai ada irudishwe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilipelekwa kwa mkono, ikapokelewa na kutiwa sahihi, na nakala iko katika faili la tawi kwa yeyote atakaye kuiona. Msichana mwenyewe ameketi mstari wa nyuma pale, na amekubali kujibu maswali ya wazazi baada ya chai.